Filta Safi Kupita Kiasi

Kitu cha kwanza Melania alichokiona ni kwamba filta ilikuwa safi.

Safi kupita kiasi. Aliushika ule mraba wa karatasi nyeupe iliyokunjwakunjwa ndani ya fremu ya kadibodi, akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha la jikoni, akaugeuza, akaunusa. Haukuwa na vumbi. Haukuwa na unywele hata mmoja, na nyumba hii ilikuwa na zulia kila chumba, pamoja na paka mnene wa kijivu ambaye wakati huo huo alikuwa akijikuna juu ya kiatu chake.

"Si nilikuambia?" alisema Lydiah. "Hiyo ni mpya. Huyu msichana ameiweka siku ile ile, watu wa zimamoto walipoondoka. Anafikiri sisi ni wajinga."

"Nimeona ni safi," alisema Melania. "Bado sijaona ni mpya."

"Kuna tofauti?"

"Ndiyo hiyo nimekuja kuitafuta, dada. Nisogezee kiti."

Lydiah alivuta kimoja cha viti vya mezani, ambavyo vyote bado vilikuwa vimevaa nailoni za dukani. Melania akaketi, kiti kikalia chini yake kama karatasi ya peremende.

Alikuwa mpelelezi wa bima, mzaliwa wa Bukoba, na kazi yake ilikuwa kuingia kwenye nyumba za watu baada ya mabaya kutokea na kuuliza yalikujaje. Mabaya ya nyumba hii ya Missouri City, kando ya Houston, yalikuwa yameshazungumzwa na kanisa zima la Wakenya. Wiki ile ya baridi kali, Houston yote ilipoganda, hita ya gesi iliyoko darini ilipasuka tumboni ikaanza kumwaga sumu ndani ya nyumba, hewa chafu isiyo na rangi wala harufu. Kengele ya gesi ikalia. Mama mzazi wa Absalom, mume wa Lydiah, alikutwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Jina lake alilijua, lakini miguu ilikuwa imekataa kusimama. Akalazwa, akapona, akarudishwa. Fundi alipanda darini, akashuka na sentensi moja tu: hita imejichoma kwa kukosa hewa, na haikuanza jana.

Hewa ya hita iliingia mahali pamoja, kupitia wavu wa chuma uliokuwa chini ukutani, koridoni, mkabala na mlango wa yule mama. Nyuma ya wavu ndipo filta hukaa. Ikiziba, hita inahema kama mgonjwa wa pumu mpaka inaungua. Kuibadilisha kila baada ya miezi miwili ilikuwa kazi ya Chebet, binti wa marehemu kaka yake Absalom. Ndiyo maana begi la Chebet lilikuwa limesimama mlangoni tangu asubuhi. Basi la Dallas lingeondoka jioni, na Lydiah alikuwa ameshampigia Christelle, Mkongomani aliyewahi kuimba kwaya na Chebet kabla hajahamia Vickery Meadow, mtaa wa huko Dallas, ampokee.

"Anaenda leo," alisema Lydiah. Alikuwa ametoka zamu, sare ya uuguzi bado mwilini, macho mekundu. "Na kwa WhatsApp ya kanisa nimesema ukweli. Mtu aliyetaka kumuua mama yetu hawezi kulala kwa nyumba yangu."

"Alitaka kumuua?"

"Alichoka kumhudumia. Mtu akichoka anafanya nini? Anaacha vitu. Mimi ni nurse, nimeona. Ku-neglect mtu ni kumuua polepole."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema alibadilisha. Basi. Ukimuuliza swali lingine anaangalia sakafu. Mtu asiye na hatia anaangalia sakafu?"

"Wengine wanaangalia sakafu tangu wazaliwe," alisema Melania. Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Humphrey, bosi wake.

"Uko wapi na hili faili la Missouri City?"

"Niko ndani yake."

"Hita ilikosa hewa. Filta haikubadilishwa. Andika uzembe, ufunge."

"Filta ni safi, Humphrey."

"Basi wamebadilisha baadaye kuficha. Andika uzembe na udanganyifu."

"Nipe mpaka jioni."

"Jioni yako wewe huwa kesho kutwa, Melania."

Alimkatia simu. Tangu afike hapakuwa na mtu aliyemaliza kumsikiliza. Kila mmoja alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa la haraka. Alitoa kipande cha karatasi ya msalani kwenye mkoba wake, akaenda koridoni.

Fundi alikuwa amefunga gesi, ila feni ya hita ilikuwa bado inafanya kazi. Melania aliirudisha filta ile ile mahali pake, akafunga wavu, akamwambia Lydiah awashe feni peke yake. Karatasi ikavutwa mkononi mwake, ikanasa kwenye wavu pa!

"Hewa inapita," alisema. "Kwa filta hii, inapita vizuri sana."

"Kwa sababu ni mpya!"

"Dada Lydiah, naomba dakika tatu bila hilo neno."

Alizunguka chumba hadi chumba na karatasi yake, akiishika mbele ya matundu yanayotoa hewa. Sebuleni ikapepea. Chumbani kwa wenye nyumba ikapepea. Kwenye chumba cha wageni ikatulia tuli. Chumba cha pili, tuli. Aliinama, akaona kishikio kidogo cha tundu kimegeuzwa upande wa kufunga. Alisimama, akagonga mlango wa ofisi ya nyumbani.

Absalom alikuwa nyuma ya kompyuta mbili, koti mwilini, hita ndogo ya umeme miguuni. Mtu mrefu, mpole wa sura, na jasho lilimtoka ingawa nyumba ilikuwa baridi.

"Mzee, matundu ya vyumba vya nyuma nani ameyafunga?"

"Matundu gani?"

"Yale yaliyofungwa."

Absalom alitazama kompyuta moja, kisha nyingine, kana kwamba moja yao ingemjibia. "Hapa kwangu hewa ilikuwa haifiki," alisema hatimaye. "Na mimi nafanya kazi hapa siku nzima. So nika... nikaifunga kule, ije huku."

"Baba Mark!" Lydiah alikuwa mlangoni. "Wewe ndiye umefunga? Na umenyamaza wiki nzima nikipigana na huyu msichana?"

"Sikujua kama inahusiana!"

"Wewe ni engineer!"

"Engineer wa software, Lydiah! Software haina matundu!"

"Ungekuwa na haya ungesema!"

"Ningesema saa ngapi? Nani anapata nafasi ya kusema kwa hii nyumba?"

"Nyamazeni," alisema Melania. Hawakunyamaza. Alipiga makofi, kama mwalimu. "Nyamazeni, jamani! Matundu mawili hayapasui hita. Yangeisumbua, yasingeiua. Mzee, umefanya ujinga, lakini si huu ninaoutafuta. Filta za akiba mnaziweka wapi?"

Ziko gereji, alisema Absalom, akiwa amefurahi kuitwa mjinga badala ya kitu kibaya zaidi.

Kwenye gereji, juu ya friza, palikuwa na boksi. Melania alitoa filta moja. Ilikuwa imefungwa kwenye nailoni angavu, imebana kama soseji. Aliichana, akaiweka filta mpya ubavu kwa ubavu na ile ya ushahidi, akachuchumaa.

"Njoo uone, mzee. Mpya hii imenyooka kama rula. Hii nyingine vipi?"

Absalom aliinama. "Imebonyea katikati."

"Imebonyea kama godoro lililolaliwa. Kuna kitu kimekaa kinaivuta, kinaivuta, wiki baada ya wiki. Filta ya siku moja haibonyei hivi. Hii ilikuwa ukutani muda wote ambao Chebet anasema ilikuwa ukutani."

"Lakini haina vumbi."

"Haina. Sasa tazama ukingoni." Alipitisha kidole kwenye ubavu wa kadibodi. Pande zote nne palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu, kama uchafu unaobaki kwenye kola ya shati. "Vumbi lilifika. Likazuiwa mlangoni. Hewa nayo ikazuiwa pamoja nalo."

"Na nini?"

"Ungeniacha nikae kimya kidogo ningekuambia," alisema Melania, akarudi ndani.

Sebuleni yule mama alikuwa ameketi mbele ya televisheni, blanketi magotini, rimoti iliyovaa mfuko wa nailoni mkononi, akitazama mieleka. Alikuja kutoka Kericho mwezi wa Novemba, na nyumba nzima walimwita Kogo, yaani nyanya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiyo polisi?"

"Mimi ni wa bima, mama."

"Ni moja. Kaa chini. Huyu ya nguo nyekundu ni mwizi, nimemwona akivuta nywele." Kogo alielekeza rimoti kwenye televisheni. "Refa hana macho."

"Mama, usingizi ulikuwaje kabla ya kuugua?"

"Baridi. Hiyo chuma ya ukuta inavuta upepo kwa miguu yangu. Nikasema, hii nyumba kubwa hivi, inapepeta watu kama mchele." Alikohoa, akapunga mkono. "Lakini baadaye upepo ilitulia. Sasa mnataka nini na mtoto wangu Chebet? Tangu asubuhi hajala."

"Namtafuta nizungumze naye."

"Ongea na yeye polepole. Hiyo ni mtu ya kimya."

Chebet alikuwa jikoni, anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Msichana mwembamba, kitambaa kichwani, koti la safari mwilini, mabega yamekunjika mbele. Melania hakuketi. Alichukua kitambaa kikavu akaanza kufuta vikombe.

"Filta uliiweka lini?" aliuliza kwa sauti ya kawaida.

"Mwanzo wa Desemba."

"Uliivua nailoni?"

Kikombe kilisimama chini ya maji. "Mimi huivua."

"Na kengele ilipolia, watu wa zimamoto walipoondoka, uliufungua ule wavu?"

Maji yaliendelea kumwagika.

"Lydiah anasema ulifungua uweke filta mpya. Mimi najua hukuweka mpya. Kwa hiyo ulifungua kwa sababu nyingine."

"Nilitaka kuona."

"Ukaona nini?"

Macho ya Chebet yalishuka mara moja, upesi, kwenye kabati la chini ya sinki. Kisha yakarudi kwenye kikombe.

Melania alifungua kabati. Alikuta alichotarajia kukikuta kwenye nyumba yoyote ya Mwafrika, iwe mashariki au magharibi ya Texas: mfuko mkubwa uliojaa mifuko. Mifuko ya mkate, ya mchele, ya supamaketi, imekunjwa na kusukumwa ndani kama kuna mwaka itakwisha duniani. Alivuta mmoja mmoja. Chini kabisa kulikuwa na nailoni angavu, pana kuliko ya mkate, yenye mikunjo minne iliyonyooka. Uso wake mmoja ulikuwa mwororo kwa vumbi la kijivu na manyoya ya paka. Uso wa pili uling'aa.

Aliivuta juu ya filta. Iliingia kama foronya kwenye mto wake.

"Hukuitupa," alisema.

"Auntie anaangalia takataka," alinong'ona Chebet. "Na nailoni haitupwi."

"Nani aliirudisha kwenye filta?"

Msichana alizima maji. Aliweka mikono yake yenye povu ukingoni mwa sinki. "Dada," alisema, "hauwezi kuandika tu kwamba mashine ilizeeka? Mashine haiwezi kuzeeka?"

"Nikiandika hivyo, kanisani bado watasema ni wewe."

"Najua."

"Na utapanda basi na jina hilo."

"Najua." Machozi yalikuwa karibu, lakini hakuyatoa. "Usimwonyeshe Auntie. Tafadhali."

Melania alimtazama, akaikunja nailoni, akaitia mkobani. Alishawahoji watu waliomdanganya kwa kelele, kwa machozi, kwa mawakili. Huyu alikuwa anaangamia kwa adabu, na hilo lilimkera kuliko uongo wote wa asubuhi ile.

"Sitamwonyesha," alisema. "Nenda gereji. Kuna filta mpya nyingine pale juu ya friza. Ilete."

Aliwakusanya wote koridoni. Absalom aliacha kompyuta zake, Lydiah alikuja na kikombe cha chai, na Kogo akasimama mlangoni mwa chumba chake na mkongojo.

"Chebet, fanya kama unavyofanya siku zote."

Chebet aliichana nailoni, akaitumbukiza kwenye ndoo ya takataka iliyokuwa pembeni, akaiingiza filta, akafunga wavu. Feni ilipowashwa ikanguruma vizuri. Kogo alitoa sauti ndogo kwa meno, ts, akatikisa kichwa.

"Sasa sote twende nje," alisema Melania. "Nataka kusikiliza feni kutoka upande wa ukuta wa nje. Mama, wewe baki ndani, kuna baridi."

"Nje?" alisema Lydiah. "Nimetoka zamu ya usiku nisimame nje kama mtu anayeuza mahindi?"

"Ndiyo, dada."

"Kusikiliza feni?"

"Ndiyo, dada."

Walisimama kando ya gari, chini ya dirisha la koridoni, wote wanne, mikono kwapani. Jirani Mmarekani aliwapungia mkono akiwa anatembeza mbwa, wakampungia. Lydiah akasema huu ni utani. Absalom akasema kweli ni utani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo walikuwa wamekubaliana. Melania alinyanyua kidole.

Sauti ya feni ilibadilika. Kwanza ilipungua, kisha ikaanza kulia juu juu, nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa pua iliyoziba. Chebet alifumba macho.

"Hiyo ndiyo sauti iliyoipasua hita yenu," alisema Melania. "Twendeni."

Kogo alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya wavu, mkongojo sakafuni, anabonyeza kifungo cha mwisho kwa kidole gumba. Alipowaona hakushtuka hata kidogo.

"Hawa watoto hawajui heshima ya kitu mpya," alimwambia Melania, mtu mzima kwa mtu mzima. "Kitu nyeupe hivi, inatoka dukani na nguo yake, wanavua, wanatupa. Itachafuka! Nimeivalisha tena."

"Na ile ya kwanza, mama? Ya Desemba?"

"Niliivalisha siku ile ile. Nikatoa nguo yake kwa ndoo, nikaosha, nikakausha. Na ule upepo wa miguu ukaisha." Alitabasamu. "Si mmeiona? Wiki zote hizo, ilitoka safi kama ya dukani."

Melania aliinama, akafungua wavu, akaivuta filta iliyovalishwa, na feni ikashusha pumzi. Kisha akachuchumaa mbele ya kigoda na kumweleza yule mama, polepole, kwamba ile karatasi imetengenezwa ichafuke, kwamba hita inavuta pumzi kupitia hapo, na kwamba nailoni ni kama mkono juu ya mdomo wa mtu.

Kogo alimsikiliza mpaka mwisho. Alitazama wavu, akatazama miguu yake.

"Kwa hivyo ni mimi nilijiua," alisema.

"Hukufa, mama."

"Ni Mungu tu." Akamgeukia Chebet. "Na wewe ulijua?"

Chebet alitazama sakafu.

"Kwa nini hukuniambia?" Lydiah alimuuliza. Kelele zilikuwa zimemwisha. Mama mkwe hafokewi, na wote koridoni walijua hivyo, hata Lydiah mwenyewe. "Chebet, si ungeniambia tu?"

"Ungemrudisha Kogo Kericho," alisema Absalom badala yake. "Hiyo ndiyo sababu. Na mimi ningenyamaza. Anatujua."

Melania alipiga simu pale pale, mbele yao. "Humphrey, andika ajali. Hapana, si uzembe. Filta ilibadilishwa kwa wakati wake. Nina nailoni, nina picha, na nina mtu aliyekiri huku anatabasamu. Hapana, sitakueleza sasa, utaisoma." Akakata. Kisha akamgeukia Lydiah. "Na kanisa?"

"Kanisa watajua tu."

"Watajuaje?"

"Jumapili nitawaambia."

"Ulipomwita muuaji ulingoja Jumapili?"

Lydiah alitoa simu kwenye mfuko wa sare, akaibonyeza, akaiweka karibu na midomo. "Wapendwa," alisema, akakohoa, akaanza upya. "Wapendwa, ni Lydiah. Yale nilisema kuhusu Chebet wetu, si kweli. Alifanya kazi yake vizuri. Ilikuwa ajali. Mnisamehe, na yeye anisamehe." Akaachia kidole. Simu ikalia ting, ujumbe ukaenda.

Halafu akavuta kamasi, akajifuta, na sauti yake ya kila siku ikaanza kurudi. "Haya, Chebet. Vua koti, mama. Nitampigia Christelle nimwambie asije stendi. Dallas imekwisha. Nenda ule kitu."

Chebet hakuvua koti. Alikuwa ameinua uso, anamtazama Lydiah machoni, na Kogo akamshika mkono kama anayejua kinachokuja.

"Auntie, mimi nataka kwenda," alisema. "Nimetaka kwenda tangu Christelle ahame. Nilichokuwa sitaki ni kuondoka nikiwa mtu aliyetaka kumuua Kogo."